Darasa Nililolifundisha Kunyamaza

Nimestaafu nikiwa na miaka thelathini na mmoja. Najua neno hilo linachekesha. Mwalimu Nyokabi, ambaye amesimama mbele ya ubao tangu kabla sijazaliwa, alipolisikia aliniambia, "Umestaafu nini? Wewe umetoroka." Lakini daktari wa koo alinitaka nichague kati ya sauti na darasa, nami baada ya miaka sita ya kupaza sauti chini ya mabati nikachagua sauti. Siku hizi nahariri vitabu vya shule katika ofisi moja katikati ya mji, orofa ya tano, kwenye jengo ambalo lifti yake ina karatasi ya "inatengenezwa" tangu nianze kazi. Vijana waliotoka vyuo vya ualimu hupanda ngazi hizo kuja kuomba nakala za vitabu. Wakishapata pumzi, huuliza swali lile lile: darasa kubwa linashikwaje?

Huwa nawajibu nusu nusu kwa sababu simu inalia au mkubwa wangu anapita. Hapa nitajibu lote. Msiamini kitu kwa kuwa nimekisema mimi. Nilipokuwa chuo kikuu, mhadhiri mmoja alinikataza kuinua mkono zaidi ya mara mbili kwa kipindi, na sijawahi kujuta kwamba nilikuwa nainua mara ya tatu.

Mhadhiri huyo ndiye aliyetufundisha nadharia ya tabia. Kiini chake ni chepesi: kiumbe hurudia kinachomletea faida, na huacha kisichomletea. Ukitaka mtoto afanye jambo, mtuze papo hapo anapolifanya. Ukitaka aache, usimtuze. Alituonyesha picha za njiwa waliofundishwa kudonoa kitufe ili wapate punje. Nikamuuliza kama kuna mtu aliyewahi kuwafundisha njiwa themanini na wawili katika chumba kimoja, siku ya mvua, wengine wakiwa hawajala tangu jana. Akasema swali hilo haliko kwenye mtihani.

Themanini na wawili ndio niliowakuta darasa la tatu huko Waithaka, mwaka elimu ya msingi ilipofanywa kuwa ya bure. Nilikuwa nimesomea kufundisha sekondari, lakini serikali haikuwa inaajiri, kwa hiyo nikachukuliwa na kamati ya wazazi kuziba pengo. Madawati yalikuwa ishirini. Waliobaki walikaa sakafuni, juu ya magunia.

Nyokabi alifundisha darasa la kwanza, mlango wa pili kutoka kwangu. Mwanamke mfupi, mwenye sweta moja ya kahawia na mfuko wa chaki ulioshonwa ndani ya sweta hiyo. Siku ya kwanza alinisikia nikipiga kelele "Kimya" mara saba, akaja akasimama mlangoni.

"Wewe ndiye wa digrii?"

"Ndiyo, mwalimu."

"Punguza sauti. Watakuzoea kama walivyozoea tingatinga linalopita barabarani."

Akaingia, akaanza kuongea na watoto wa mbele kwa sauti ya kunong'ona. Wa nyuma wakanyamaza ili wasikie wenzao wanaambiwa nini. Basi. Huo ulikuwa muujiza wangu wa kwanza, na kama ningeufuata, pengine leo ningekuwa bado na koo zima.

Nilijaribu vyangu kwanza. Nilianza kwa kuwatoa nje wapiga kelele. Darasa letu lilikuwa na dirisha moja linalofunguka, na ikifika saa tano mabati yanachoma mpaka unasikia misumari ikilia. Niliwatoa watatu wa kundi la nyuma. Kesho yake waliopiga kelele walikuwa sita. Keshokutwa nusu ya safu walikuwa wanagombania kuwa wabaya. Nikamlalamikia Nyokabi kwenye chumba cha walimu.

"Nje kuna nini?" akaniuliza.

"Hakuna kitu. Kuna mti na upepo."

"Na ndani?"

Nikayakumbuka yale mabati.

"Unawapa zawadi, mwalimu wa digrii, na hata hujui unawapa."

Shikeni hilo kabla ya mengine yote. Kabla hujasema "hii ni adhabu", kaa mahali mtoto anapokaa uone kama kweli ni adhabu. Kitu cha pili: msimwadhibu mtoto kwa kumwandikisha sentensi mara mia. Mimi niliwaandikisha. Kufikia nusu ya muhula nikisema tu "toeni madaftari" nasikia darasa zima likiguna. Nilikuwa nimewafunza kwamba kuandika ni kile kinachokupata ukikosea.

Kiboko kilikuwa kimeshapigwa marufuku, ingawa sitawadanganya kwamba fimbo zote zilitoka shuleni siku hiyo hiyo. Nyokabi alikuwa amechapa watoto miaka mingi, na alinieleza waziwazi jinsi alivyoacha. Siku moja aliinua mkono kufuta ubao. Mtoto wa dawati la mbele, mtoto ambaye hakuwa amefanya lolote, akajifunika kichwa kwa mikono miwili.

"Nilikuwa nimeshika kitambaa," aliniambia. "Kitambaa tu."

Mara moja nadharia yote ya kuhusianisha kitu na kitu ilinielea, bila njiwa na bila yule mbwa wa vitabuni anayetokwa na mate akisikia kengele. Baada ya hapo yeye alitumia makofi. Mtoto akijibu vizuri, darasa linampigia makofi ya kilo, yale ya kupiga kwa pamoja kisha wote wanamsukumia viganja kana kwamba wanamkabidhi mzigo. Akijaribu akakosa, anatikisiwa vidole kana kwamba anamwagiwa maua. Nilimuuliza kwa nini anayekosa apewe maua. Akasema, "Kwa sababu ameinua mkono. Nataka ainue tena."

Sasa niwaambie kosa langu kubwa, na mtoto aliyelilipia.

Nyote mliosoma shule ya msingi nchini hapa mnaijua orodha ya wapiga kelele. Mwalimu akitoka, kiranja anabaki na karatasi, anaandika majina, mwalimu akirudi wanaona cha moto. Niliichukia orodha hiyo tangu utotoni, kwa kuwa jina langu halikukosekana. Nikajiambia, mimi ni msomi, nitaigeuza. Badala ya kuandika wanaopiga kelele, kiranja ataandika walionyamaza. Na badala ya adhabu, walionyamaza watapata kizibo cha soda. Vizibo vilikuwepo gunia zima, watoto wa darasa la kwanza walivitumia kuhesabia. Mwenye vizibo vingi siku ya Ijumaa anachagua mchezo uwanjani na anakuwa wa kwanza kwenye foleni ya uji.

Kwenye karatasi mpango huo haukuwa na kasoro hata moja. Tabia imetajwa, tuzo ipo, inatolewa papo hapo. Juma la kwanza kelele zikapungua. Juma la tatu ungeweza kusikia kuku wa jirani. Walimu wengine wakaja kuchungulia dirishani. Mwalimu mkuu akanisifu mbele ya gwaride la asubuhi. Nikaanza kuchelewa kurudi darasani kwa makusudi, ili nifurahie ule ukimya nikiwa kwenye ushoroba.

Nyokabi pekee ndiye hakufurahi. "Darasa la watoto halitakiwi kuwa kama chumba cha maiti," alisema. Nikamwona mtu wa zamani.

Bingwa wa vizibo alikuwa msichana anayeitwa Mumbi. Alikuwa mdogo wa mwili, nywele zimesukwa mistari minne, kila siku mikono imekunjwa juu ya dawati. Alijaza vizibo soksi nzima. Katika ripoti ya muhula wa pili niliandika: mtulivu, mfano wa kuigwa. Mwandiko ni wangu, siwezi kuukana.

Kisha akaja mkaguzi wa elimu. Mama mmoja mwenye miwani ya kamba, mpole kabisa. Alikaa nyuma ya darasa akaandika kidogo, kisha akasimama mbele.

"Nani ataniambia leo mmesoma nini?"

Kimya.

"Na jana je?"

Kimya. Watoto themanini na wawili wamekunja mikono, wanamtazama kwa heshima.

"Mnanisikia kweli?"

Wote wakaitikia kwa vichwa. Midomo imefungwa.

Mkaguzi akanigeukia. "Mwalimu, hawa watoto ni wazima?"

"Ni wazima, mama. Wana nidhamu."

Akachukua kitabu cha Kiswahili, akampa Mumbi, ambaye alikuwa karibu naye. "Nisomee ukurasa huu, mrembo." Mumbi akasimama, akafungua kitabu, akaanza kusogeza midomo. Hakuna sauti iliyotoka. Akasogeza midomo mpaka mwisho wa ukurasa, akafunua, akaendelea na wa pili. Hakuna aliyecheka, kwa kuwa kucheka kungewanyima kizibo. Mkaguzi akamwinamia, akamwonyesha neno moja kwa kidole, akamnong'oneza, "Hili?" Lilikuwa neno "mbuzi". Mumbi akamtazama, akatazama kitabu, akanitazama mimi. Hakulijua.

Mkaguzi alipoondoka na mwalimu mkuu, kiranja akaja na karatasi yake. Majina yalijaa pande mbili.

"Ticha," akanong'ona, "leo wote wameshinda."

Alasiri hiyo mwalimu mkuu aliniita ofisini. Hakufoka, na ningependa angefoka. Aliniambia mkaguzi amependekeza kila mtoto wa darasa la tatu asomeshwe kwa sauti mwisho wa mwaka, mmoja mmoja, ndani ya ofisi hiyo. Asiyeweza kusoma habari fupi arudi darasa la pili. "Na huyu msichana wako wa soksi," akasema, "huyo hata tusisumbuane. Arudi tu."

"Nipe mpaka siku hiyo, bwana."

"Ni majuma matatu, Kerubo."

"Hayo hayo."

Nilitoka nikaenda kumtafuta bibi yake Mumbi, maana mtoto aliishi naye. Alikuwa na kibanda cha mboga karibu na soko la Waithaka. Kabla sijakiona nilisikia sauti kali ya mtoto ikikata kelele za soko zima:

"Sukuma ni ya leo, mama, haijalala! Wewe wa kilemba, umepita bila kutusalimia na jana ulichukua nyanya zetu!"

Nikazunguka rundo la viazi. Mumbi alikuwa amesimama juu ya kreti ya soda, ameshika fungu la sukuma kama kipaza sauti.

"Sasa, ticha," akanisalimia.

"Kumbe unaongea."

"Hapa si darasani."

Bibi yake akainua kichwa kutoka kwenye maharagwe. "Huyu? Huyu hata akilala anaongea. Mimi nataka siku moja tu ya kupumzika."

"Shosho, darasani hajawahi kusema neno tangu muhula uliopita."

Mama mzee akacheka mpaka akaona sicheki. Nikamgeukia Mumbi. "Kwa nini husemi darasani?"

Alinitazama kama mtu anayemweleza mgeni njia. "Si unatupatia vizibo tukinyamaza?"

"Na yale maneno usiyoyajua, mbona hukuniuliza?"

"Kuuliza ni kuongea, ticha."

Alilisema kwa upole kabisa, bila lawama. Alikuwa amefuata sheria zangu kuliko mtoto yeyote. Wakisoma pamoja alisogeza midomo. Neno likimshinda, alilipita kimya. Siku nzima, juma zima, miezi. Na kila juma nilimtuza.

Bibi alimtuma kuchota maji, kisha akaniambia yaliyobaki. Mjomba wake Mumbi kule Kinangop alikuwa na mtoto mchanga na alitaka msichana wa kumlea. Alishaomba mara mbili. "Nimemkatalia kwa sababu moja. Nimemwambia anasoma vizuri. Nikamwonyesha ile karatasi uliyoandika, mfano wa kuigwa." Akafuta mikono kwa kanga. "Akirudishwa darasa la pili, mwalimu, nitamwambia nini?"

Nilinunua sukuma nisiyoihitaji nikaondoka.

Tuliendesha masomo ya ziada saa ya chakula cha mchana, mimi na Mumbi, darasani. Nami, kwa kuwa mtu haachi alichosomea kwa siku moja, nilianza tena na vizibo. Safari hii kizibo kwa kila neno litakalosikika. Hatua ndogo ndogo, kama ilivyoandikwa vitabuni: kwanza mtuze akinong'ona, kisha akitoa sauti, kisha akimaliza sentensi. Na ilifanya kazi. Siku ya nne alikuwa anasoma maneno matatu, anasimama, ananyoosha kiganja. Matatu, kiganja. Nikichelewa kuweka kizibo, anangoja. Kitabu kilikuwa cha hadithi ya fisi aliyeiba mkufu, nikamuuliza, "Fisi amefanya nini?" Akasema, "Fisi yupi?"

Mniwie radhi nichepuke kidogo hadi mtaa wa kitajiri wa Kileleshwa, maana huko ndiko nilikoelewa kilichokuwa kinatokea. Jumamosi nilikuwa nafundisha tuisheni katika ghorofa moja, kwa mama mmoja wa benki mwenye binti wa miaka minane aitwaye Tasha. Mimi mwenyewe nilimshauri mama huyo abandike jedwali la nyota kwenye friji: akimaliza kazi nyota moja, akikunja kitanda nyota moja. Jumamosi hiyo bibi yake Tasha alikuwa amekuja kuwatembelea kutoka Muthangari. Mama akasema, "Tasha, msalimie shosho." Tasha, bila kuinua macho kutoka kwenye sahani yake, akauliza:

"Ni ya nyota ngapi?"

Yaya aliyekuwa jikoni akakohoa ili asicheke. Bibi akauliza nyota ndiyo nini. Mama akanitazama. Nami nikaanza kueleza nadharia kwa bibi wa watu mbele ya chai, na kadiri nilivyoieleza ndivyo ilivyozidi kunuka.

Jumatatu nilimwambia Nyokabi yote, ya Mumbi na ya nyota. Nilitegemea atanicheka. Alikuwa anachonga penseli za watoto wake kwa wembe, moja baada ya nyingine, akizipanga juu ya meza.

"Unajua tatizo lako?" akasema. "Unampa unachotaka wewe kumpa. Umewahi kumwona huyo mtoto akiwa amefurahi?"

"Sokoni."

"Akifanya nini?"

"Akipigia watu kelele."

"Sasa."

Akanyanyua penseli, akaiangalia ncha. "Mimi nina watoto tisini wasiojua kusoma, na baada ya chakula koo langu limechoka. Niletee huyo wa sokoni."

Nikapinga. Nilimwambia mtoto asiyejua neno "mbuzi" hawezi kuwasomea wengine, kwamba watamcheka, kwamba tumebakiza majuma mawili na siku chache. Nyokabi akaniacha nimalize, kisha akasema, "Wangu hawajui neno lolote. Watamchekaje?"

Siku ya kwanza Mumbi alisimama mbele ya wale tisini na kitabu cha picha chenye mstari mmoja kila ukurasa, kile ambacho tulikuwa tumekipitia naye mara tano asubuhi hiyo. Alisoma ukurasa wa kwanza kwa sauti ndogo. Mtoto mmoja wa mbele, kamasi mpaka mdomoni, akamwambia, "Sisikii." Mumbi akamtazama. Nikaiona sura ya sokoni ikirudi polepole.

"Wewe panguza pua kwanza," akamwambia, "halafu utasikia."

Akaanza upya, na safari hii nadhani hata mwalimu mkuu alisikia huko ofisini. Alipofika mwisho wa ukurasa, wote tisini wakapiga kelele, "Halafu?" Akafunua. "Halafu?" Walikuwa wanasukumana kusogea karibu naye, wanamshika pindo la sketi.

Tangu siku hiyo alinijia kila asubuhi kabla ya kengele. "Ticha, hili ni neno gani? Na hili? Usiniambie lote, niambie mwanzo." Alitaka kuwa tayari ifikapo mchana, maana wale wadogo hawakuwa na subira na msomaji anayekwama. Ile soksi ya vizibo aliacha kuja nayo. Nilipomuuliza akasema aliwagawia watoto wa jirani wakatengeneza magurudumu ya magari.

Sasa nawajua ninyi, na namjua yule mhadhiri wangu. Angesema: mwalimu, hizo "halafu" za watoto tisini nazo ni tuzo, nadharia yako imesimama palepale. Huenda ni kweli. Nimeligeuza swali hilo miaka hii yote na bado sijapata jibu linaloniridhisha. Ninachojua ni kwamba kizibo kilikuwa na thamani ile ile hata kama fisi hakuiba chochote, ila "halafu" ilitaka hadithi iwepo. Na najua kwamba darasa langu halikukaidi nadharia hata siku moja. Lilinifanyia nilichoagiza. Mkishika darasa, andikeni kwenye karatasi ni tabia ipi hasa mnayoituza, kisha jiulizeni mtoto akiwa nayo kamili, siku zote, kila mahali, atakuwa mtu gani.

Kwenye darasa langu nilichoma ile orodha. Nilisema kwa ufupi: kuanzia leo kizibo hakuna, na mwenye swali aulize. Walichukua siku tatu kuniamini. Siku ya nne kelele ilirudi yote na riba yake, nami nikaanza safari ya kuelekea kwa daktari wa koo. Nyokabi alipita mlangoni, akasikiliza kidogo, akasema, "Sasa hapo kuna watoto."

Siku ya kusomeshwa ilikuwa Alhamisi. Watoto walipanga mstari ushorobani tangu asubuhi. Zamu ya Mumbi ilifika karibu na saa sita. Bibi yake alikuwa amefunga kibanda, amekaa kwenye benchi nje ya ofisi na kanga yake nzuri, hasemi na mtu. Mimi niliruhusiwa kuingia kwa sharti la kutofungua mdomo.

Mwalimu mkuu alichagua kitabu ambacho hatukuwahi kukitumia shuleni. Alikifungua katikati, akakisukuma upande wa pili wa meza. "Kuanzia hapa."

Ilikuwa habari ya mbuzi aliyepanda paa la kanisa siku ya harusi. Mumbi akaweka kidole chini ya neno la kwanza. Alisoma taratibu. Kwenye neno "maharusi" alikwama, akarudi, akalikata vipande, akalipata. Kwenye "kengele" alisoma "kelele", akatingisha kichwa mwenyewe, akarekebisha. Sentensi moja ilimshinda kabisa, akairuka, kisha akairudia kutoka mwanzo na ikakubali. Mchungaji ametoka nje na Biblia mkononi, bwana harusi amevua koti, watu wote wanatazama juu, mbuzi amefika kwenye msalaba.

Mwalimu mkuu akanyoosha mkono akakifunga kitabu. "Inatosha." Akachukua kalamu, akatafuta jina lake kwenye orodha, akaandika mbele yake: apande darasa la nne. Niliisoma kichwa chini kutoka mahali nilipokuwa nimesimama, nikaisoma tena.

Mumbi hakuinuka kitini.

"Unaweza kwenda, mtoto. Umepita."

"Ngoja kwanza, mwalimu," akasema. "Huyo mbuzi alishuka aje?"

Mwalimu mkuu akaweka kalamu chini. Akanitazama, akamtazama yeye, akanitazama tena. "Huyu ndiye aliyekuwa haongei?"

"Ndiye, bwana."

Akapapasa jalada. Nje kulikuwa na watoto zaidi ya thelathini wanaongoja zamu. "Mimi pia sikumbuki alishuka vipi," akasema, na akamsukumia kitabu. "Nenda nacho nyumbani. Ukijua, uje uniambie."

Tulitoka. Bibi alisimama kabla hatujafika kwenye benchi, nami nikaitikia kwa kichwa. Akakaa tena. Mumbi hakuona hata hilo, alikuwa ameshafungua kitabu anatafuta ukurasa, akitembea huku anasoma, akajigonga kwenye nguzo ya ushoroba, akaendelea.

Kesho yake asubuhi, kabla ya gwaride, alikuwa amesimama kwenye mlango wa mwalimu mkuu na kitabu kwapani. Mlango ulikuwa umefungwa na ndani palisikika watu wakizungumza. Alibisha, akasukuma, akaingia akiwa tayari ameanza kusimulia.